Alama Kwenye Mdeki

Mimi ndiye mwanamke aliyekuwa akishindilia gobore pale kijijini, na wanaume walinicheka mpaka mbavu zikawauma. Wakinikuta kisimani huniuliza: leo umetwanga mtama au umetwanga baruti? Nami mdomo nilikuwa nao, sikuwaachia. Niliwajibu kwamba nguruwe wa porini wanamkimbia mume wangu kwa sababu yangu, lakini wao hata kuku wa nyumbani kwao hawawakimbii. Wakacheka, nikacheka, tukateka maji.

Kazi yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Lakini tulipohamishwa kutoka pwani kwenda kijiji kipya cha ujamaa, ndani huko ukishapita Milola, shemeji aliachwa nyuma aangalie minazi ya familia. Bunduki ilikuja nasi kwenye lori pamoja na vitanda na vyungu. Mume wangu akatafuta mtu wa kumshindilia. Akamjaribu mmoja, ana papara. Akamjaribu mwingine, anapiga soga huku anamimina. Siku moja alikaa kwenye kibao akinitazama ninavyotwanga kisamvu, akasema, "Hebu njoo ushike hii." Ndiyo ikawa kazi yangu.

Asiyelijua gobore nimweleze, maana siku hizi watu wanayaona makumbusho tu. Hujazwa kwa mdomoni. Unatanguliza baruti, juu yake kizibo, halafu risasi ya duara, halafu kizibo kingine cha kuishika isibingirike. Kila kitu unakisukuma chini kwa ufito wa chuma, huo ndio mdeki. Kubwa kuliko yote ni kwamba risasi ikae, yaani ishuke mpaka ikalie kile kizibo na baruti yake, pasiwe na uwazi. Ikikwama katikati ya mtutu, moto ukilipuka unakosa pa kupita, na chuma kinapasuka kwenye mkono wa aliyeshika bunduki. Ndani ya mtutu huoni kitu. Kwa hiyo baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikata alama kwenye mdeki kwa tupa. Ukishindilia sawasawa, alama inalingana na mdomo wa mtutu. Alama ikibaki juu, kuna jambo.

Tena baba mkwe aliacha sharti. Nyumbani kwetu anayeshindilia siye anayepiga, na yule mwenye mdeki ndiye anayekaa na fataki. Fataki ni kile kifuniko kidogo cha shaba ambacho bila yake bunduki ni fimbo tu. Anayepiga, alisema mzee, damu yake imechemka, anamwona mnyama na hamwoni mwingine. Basi aliyetulia aangalie alama, aseme "imekaa", ndipo atoe fataki. Mume wangu alilelewa na sharti hilo kama alivyolelewa na swala tano. Fataki nilizifunga kwenye pindo la kanga yangu, na hata nikienda kulala pindo liko kiunoni.

Sasa nimtaje wifi yangu, maana habari hii ni yake kuliko yangu.

Alikuwa dada wa mume wangu, kaolewa Kilwa, na mume aliyempata hakuwa mtu. Alimpiga. Hakumpiga kwa hasira ya siku moja, alimpiga kama mtu anayetimiza ratiba. Mwaka ule tuliohamia kijiji kipya, wifi alifika kwetu kwa miguu kutoka kituo cha basi, mtoto wa kike mgongoni, mkono mmoja umevimba. Nilipomfungua kanga nimwogeshe nililia. Yeye hakulia. Alisema tu, "Wifi, mimi huko sirudi, hata wanizike hapa."

Kwetu mambo kama hayo huamuliwa na mjomba. Mjomba wao alikuja, akaketi, akasikiliza. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa hofu, na mwaka ule kila mtu alikuwa na hofu. Tulihamia mvua zikiwa zimeshaanza, mashamba ya zamani tumeyaacha, mapya hayajalimwa, ghala la kijiji lina panya na ufagio. Mjomba akaniuliza mimi, maana chungu ni changu, kama nyumba inaweza kulisha watu wawili zaidi mpaka mwaka mwingine. Nikatazama chini. Nilikuwa na watoto watano. Nilisema kwa sasa tutagawana, lakini mwaka mzima, mjomba, sitaki kukudanganya. Ilikuwa kweli, na bado nikikumbuka nilivyoutazama ule mkeka nasikia aibu.

Basi mjomba akakata shauri. Wifi alime. Akivuna cha kumlisha yeye na mwanawe mpaka msimu mwingine, mjomba mwenyewe atakwenda Kilwa kumdai yule bwana talaka. Asipovuna, atarudi kwa mumewe, kwa sababu huko angalau kuna chakula. Wifi akasema, "Haya, mjomba, nimekubali," kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Jamani, yule mwanamke alilima! Mwenyekiti wa kijiji alimpa kipande bondeni, mwisho kabisa, karibu na msitu, ambapo hakuna aliyepataka. Asubuhi yuko na sisi kwenye shamba la kijiji, jioni yuko bondeni kwake, mtoto amemlaza kwenye kivuli. Akapanda mpunga. Ukaota vizuri mpaka watu wakaanza kupita njia ile makusudi, wakautazame. Ulipoanza kuinamisha vichwa, wifi alianza kuimba wakati wa kutwanga, na mimi sikuwahi kumsikia akiimba.

Nguruwe nao waliuona.

Mume wangu alikuwa akilinda bonde lote peke yake. Bunduki nyingine ya kijiji ilikuwa ya mzee mmoja aliyekwenda Lindi kutibiwa, na baruti yenyewe ilikuwa ya kupewa kwa kibali, kidogo kidogo. Tena nguruwe kwetu haliwi. Ukimuua unamwachia fisi. Kwa hiyo kila mlio ulikuwa hasara isiyo na kitoweo, na watu waliona afadhali kupiga madebe. Lakini kwa mpunga wa dada yake mume wangu hakuuliza bei ya baruti.

Vitu viwili vilibadilika majuma yale, na mimi nikakiona kimoja tu. Kalibu letu, kile chuma tunachomiminia risasi, lilivunjika wakati wa kuhama, likatengenezwa jingine. Hilo jipya lilitoa risasi nene kidogo. Nilikuwa nazimimina mwenyewe jikoni, kwa madini ya vizito vya nyavu za uvuvi ambavyo shemeji alituletea kutoka Somanga, na nikizitoa nazipara kwa kisu mpaka zipite mtutuni. Nilikuwa na wasiwasi nazo. Nilimwambia mume wangu, hizi zimenenepa, ipo siku moja itakwama. Akasema, "Wewe para tu." Kitu cha pili ni kwamba makumbi yaliisha. Pwani vizibo vyetu vilikuwa vya makumbi ya nazi, ukivishindilia vinakandamana mpaka vinakuwa kama karatasi. Gunia la makumbi tulilokuja nalo likafika chini, na kijijini pale hapakuwa na mnazi hata mmoja. Nikachukua gunia lenyewe, nikalikata vipande, nikavisokota vizibo. Wala sikuliwaza mara mbili. Kizibo ni kizibo, niliona hivyo.

Ilikuwa alasiri, tumetoka kuswali, tukasikia kelele bondeni. Wifi alikuwa anapiga yowe. Mume wangu akachukua bunduki, mimi mdeki na pembe ya baruti, tukakimbia. Nguruwe walikuwa kundi zima, mchana kweupe, wanachimba na kulala juu ya mpunga kama wamekodi. Jike moja kubwa lilikuwa mbele, na kila mtu aliyewahi kulinda shamba anajua ukimwangusha yule wa mbele wengine hawarudi.

Tukachutama nyuma ya kichuguu. Nikamimina baruti, nikaweka kizibo, siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kutumia vile vya gunia, nikashindilia. Nikaweka risasi. Ikaingia kwa shida kidogo, nikaisukuma, ikashuka, ikashuka, ikasimama. Nikaweka kizibo cha juu, nikashindilia tena. Nikatazama mdeki. Alama ilikuwa juu ya mdomo wa mtutu, vidole vitatu vizima.

"Imekaa?" mume wangu akauliza bila kugeuka.

"Haijakaa."

"Sukuma."

"Nimesukuma."

Akaninyang'anya mdeki, akagonga kwa nguvu zake zote. Alama haikushuka hata unywele. Akasema, "Imefika, hii. Haiendi tena. Toa fataki."

"Alama iko juu."

"Nimeiona! Toa fataki, mwanamke, wanamaliza!"

Niseme ukweli niliouona wakati ule. Nilimwona akilini mtu mmoja wa kijiji cha jirani, ambaye mtutu wake ulipasuka mwaka uliopita. Nilikuwa nimemkuta sokoni Milola, kaketi, anakula ugali kwa mkono wa kushoto mbele za watu, kwa sababu wa kulia haukuwepo. Nilimwona huyo, nikamwona mume wangu. Nikalikamata lile pindo la kanga kwa ngumi, nikasema, "Sitoi."

Wifi alikuwa ametufikia. Matope mpaka magotini, kanga imeteleza, anahema. Alisikia. Hakunitukana, angenitukana ningepona. Alipiga magoti pale kwenye nyasi. "Wifi, nakuomba kwa jina la Mungu. Mpe kaka. Mara moja tu. Wifi yangu, nitarudishwa."

"Mtutu utapasuka, wifi. Risasi haijakaa."

"Mpe tu. Nakuomba."

Mume wangu alikuwa na nguvu za kunivunja vidole kimoja kimoja akaichukua fataki. Alininyooshea mkono, kiganja wazi. Hakunigusa. Lilikuwa sharti la baba yake. Akaiweka bunduki chini, akachomoa panga, akateremka bondeni akipiga kelele kama mwendawazimu, wifi nyuma yake na mimi nyuma ya wifi, tunapiga makofi, tunarusha mawe. Nguruwe wakaondoka bila haraka. Alfajiri wakarudi. Tukapiga madebe, wakaondoka, wakarudi. Bunduki ikiwa imeziba hivyo hakuna aliyejua kuizibua. Mume wangu aliibeba mpaka Milola kwa fundi, na huko alikaa kumsubiri fundi amalize kazi za watu. Aliporudi, bondeni palikuwa pameshalimwa na pua za nguruwe, mpunga umechanganyika na tope, na wifi anaokota masuke moja moja kwenye ungo.

Nilimpokea bunduki mlangoni. Nilimwuliza swali moja tu. "Palikuwa na uwazi?"

Aliingia ndani, akaketi, akatoa mfukoni vipande viwili vya gunia vyeusi, vimevimba, akaviweka juu ya mkeka. Akasema taratibu, "Hapakuwa na uwazi, mke wangu. Risasi ilikaa. Fundi kasema alama ile ni ya makumbi. Gunia ni nene, halikandamani. Limeinua kila kitu, mpaka mdeki."

"Ingepiga?"

"Ingepiga."

Wallahi nilitamani anifokee. Nilitamani avunje chungu. Aliniangalia kwa huruma. Nikasema nitamwambia wifi sasa hivi. Akanishika mkono. Akasema, "Nimeshamwambia mimi, njiani, nilipopita bondeni. Nimemwambia fundi kakuta uwazi. Nimemwambia ningekuwa sina mkono. Mwache. Ana mengi ya kubeba."

Nikamwacha. Sasa nikifikiri, naona nilikubali upesi mno. Uongo ule ulikuwa wa kumfaa wifi, lakini aliyejifunika nao gubigubi nilikuwa mimi.

Mjomba alikuja, akateremka bondeni, akasimama. Aliokota suke, akalipukusa kiganjani, akalitupa. Mume wangu akamwambia, mjomba, watakula kwangu, hata tukilala na njaa. Mjomba akanitazama mimi, kama mara ile. Nikasema ndiyo, watakula, mjomba, wabaki. Nilisema kwa sauti kubwa, nikaapa. Akatikisa kichwa. Alisema mwanzo niliongea kwa akili na sasa naongea kwa machozi, na kwamba watoto hawali machozi. Aliyoyasema yalikuwa maneno yangu mwenyewe, kanirudishia.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza wifi mpaka barabarani kungojea lori la kwenda Lindi, huko ndiko angepandia basi la Kilwa. Mtoto alikuwa anacheza na kamba ya mzigo. Wifi alinivuta pembeni. Nilidhani atanilaumu, nikajikaza. Akaushika mkono wangu, ule uliokamata pindo, akauweka kifuani pake.

"Wifi, usiwe na kinyongo na mimi kwa kupiga magoti," alisema. "Nilikuwa kama nimeingiwa na shetani. Ungenisikiliza, kaka angekuwa hana mkono leo. Watoto wako wangekula nini? Mimi narudi, lakini najua kwa nini narudi. Nikipigwa nitasema, haya, hii ndiyo bei ya mkono wa kaka."

Lori likaja. Nikampandishia mtoto. Nikapunga mkono, na vumbi likaingia machoni nikashukuru kupata kisingizio.

Miaka ikaenda. Wanangu waliolewa na kuoa, kijiji kikapata minazi yake, magobore yakakusanywa. Kila Ramadhani wifi alituma salamu na mtu, na kila salamu ilianza kwa kuuliza mkono wa kaka unaendeleaje. Mume wangu alicheka mwanzoni. Baadaye aliacha kucheka. Alikufa kwa homa, kitandani kwake, na nilipomwosha viganja kabla hajafumba macho nilivihesabu vidole kama mjinga. Vyote kumi.

Baada ya arobaini nilikwenda Kilwa. Nilijiambia naenda kumpelekea dada mtu kanzu na tasbihi ya kaka yake. Uongo. Nilikwenda kwa sababu aliyenizuia kusema alikuwa amekufa.

Nilimkuta amekuwa kikongwe kabla ya wakati. Mkono ule uliowahi kuvimba ulikuwa umepinda, haunyooki. Meno ya mbele hayapo, na si kwa uzee. Yule bwana alikuwa hai bado, kalala chumba cha ndani amepooza, anaita kila mara, na wifi anainuka kila mara, anampa maji, anarudi. Majirani walikuja kunipa pole ya mfiwa. Kwa kila aliyeingia wifi alinitambulisha vilevile: "Huyu ndiye wifi yangu niliyewaambia. Huyu ndiye aliyeokoa mkono wa kaka yangu. Bunduki ingempasukia, yeye akakataa kutoa fataki, na mimi nampigia magoti!" Wanawake wakasema mashaallah, wakanishika bega, wakaniita shujaa. Nilikunywa chai kikombe baada ya kikombe ili mdomo uwe na kazi.

Walipoondoka, nikamwambia. Nilimwambia yote, makumbi, gunia, fundi, vile vipande juu ya mkeka. Nilimwambia kaka yake alimficha kwa kumpenda na mimi nilinyamaza kwa woga. Nilisema, "Risasi ilikuwa imekaa, wifi. Ingepiga. Ungebaki. Nisamehe." Nilikuwa nalia, na Mungu anisamehe, nilikuwa nasikia wepesi, kama mtu aliyetua kuni kichwani.

Wifi hakulia. Alikuwa anaikunja ile kanzu ya kaka yake kwa mkono mmoja mzima, anaikunja vizuri, mkono wa nguo juu ya mkono wa nguo. Chumba cha ndani yule mzee akaita. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, hakuinuka.

Akaniangalia usoni, bila hasira, kama mtoto anayeuliza njia.

"Sasa, wifi," alisema, "miaka yote hii mimi nilikuwa napigwa kwa ajili ya nini?"